Siku saba za ziada: Stanley, Kwihara na alama ya dola

Wadau, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Siku za nyuma niliandika hapa kwamba Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, ikiwa ni siku ya 236 toka Bagamoyo na siku ya 51 toka Unyanyembe, yaani Tabora yetu. Namba hizo sikuzitunga. Zimo kwenye kitabu cha Stanley mwenyewe. Kosa langu ni kwamba nilizinakili bila kuzipiga hesabu, na juzi nilipoziweka kwenye kompyuta zikanikatalia.

Nilikuwa natengeneza jedwali la safari za ile njia ya zamani ya misafara, toka Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji, ili kila msafiri awe na mstari wake na tarehe zake. Kikwazo cha kwanza: Excel haijui kabisa kwamba kulikuwa na mwaka 1871. Kalenda yake inaanza 1 Januari 1900, na tarehe yoyote ya kabla ya hapo inaichukulia kama maneno tu, haikubali kuitoa wala kuijumlisha. (Na hata huo mwaka 1900 inauamini vibaya. Inadhani ulikuwa na tarehe 29 Februari, wakati haukuwa nayo. Kosa hilo lilitoka kwenye programu ya zamani ya Lotus 1-2-3, Excel ikalirithi makusudi ili majedwali ya watu yasigombane. Kumbukeni hili, tutalirudia.)

Basi nikatumia njia ya kienyeji. Nikaipa 1 Januari 1871 namba 1, nikahesabu kwenda mbele. Kuondoka Bagamoyo, 21 Machi, ikawa 80. Siku aliyoanguka kwa homa Kwihara, 7 Julai, ikawa 188. Kuondoka Kwihara kwenda Ujiji, 20 Septemba, ikawa 263. Kufika Ujiji, 10 Novemba, ikawa 314. Namba hizo zikakaa safu ya B, kuanzia B2 hadi B5. Safu ya C nikataka inipe siku toka Bagamoyo. Kwenye C3 nikaandika =B3-B2, nikapata 108. Safi. Nikashika pembe ya seli nikavuta chini, nikapata 75 halafu 51.

Nikashika kichwa. Mtu afike Ujiji siku ya 51 toka Bagamoyo? Lakini hiyo 51 nilikuwa naijua! Ndiyo ile ile Stanley aliyosema ni toka Unyanyembe.

Wanaotumia Excel kila siku kazini wameshacheka. Nilipovuta chini, fomula haikubaki B3-B2. Ikawa B4-B3, kisha B5-B4. Kwa kompyuta, B2 pale haina maana ya "Bagamoyo". Ina maana ya "seli iliyo kushoto kwangu, mstari mmoja juu". Ukiihamisha fomula, jirani wa juu naye anabadilika. Ni kama kumwambia mtu "nyumba ya jirani yangu": mimi nikihama, jirani si yule tena. Ukitaka Bagamoyo ibaki Bagamoyo unaandika =B3-$B$2. Hiyo alama ya dola ni msumari. Moja inaigongomea safu, nyingine inaugongomea mstari. Nikarekebisha, nikavuta tena, nikapata 108, 183, 234.

Tena kuna mtego mwingine unapobandika kiungo kwenye karatasi nyingine. Nilikopi seli moja, ile yenye 234, nikaibandika kama kiungo kwenye karatasi ya pili, kisha nikavuta chini. Mistari yote ikasema 234. Kumbe ukibandika kiungo cha seli moja, Excel inaweka dola yenyewe bila kukuuliza. Ukikopi seli nyingi kwa pamoja, haiweki. Nimesoma kwamba mwanzoni hapakuwa na dola kabisa. VisiCalc, programu ya kwanza ya namna hii kupata umaarufu, iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston mwaka 1979, ilikuwa ukitaka kunakili fomula inakuuliza kwa kila seli iliyotajwa ndani yake: hii ibadilike au isibadilike? Inachosha, lakini walau inakulazimisha kufikiri. Lotus 1-2-3, iliyotoka 1983, ndiyo iliyoeneza hiyo dola, na tangu hapo swali likawa la kimya kimya. Na mimi, kama mnavyoona, nililipita kimya kimya.

Haya, turudi kwenye 234. Stanley anasema 236. Kwa njia ile ile ya kuhesabu iliyompa 51 toka Unyanyembe, 21 Machi hadi 10 Novemba ni siku 234, si 236. Siku mbili zimeongezeka njiani. Siku mbili si kitu, mtu yuko porini, ana homa, ana wapagazi wanaotoroka. Lakini hizo mbili ndizo zilizonifanya nirudi kwenye kitabu chake na kusoma habari ya ile homa ya Kwihara kwa makini, na hapo ndipo nilipokuta jambo kubwa zaidi.

Kwihara ni nje kidogo ya mji wa Tabora. Wengi mnaijua kwa lile tembe linaloitwa la Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Stanley alikaa humo katikati ya mwaka 1871 akisubiri wapagazi na njia. Tarehe 7 Julai homa ikampiga hadi akapoteza fahamu. Alipozinduka ilikuwa siku ya Ijumaa. Akawauliza waliokuwa naye, Shaw, baharia wa Kiingereza, na Selim, kijana Mwarabu Mkristo wa Jerusalem aliyekuwa mkalimani wake: nimelala muda gani? Wakamjibu kwa uhakika, wiki mbili. Akachukua shajara akaandika 21 Julai.

Haikuwa wiki mbili. Ilikuwa moja. Siku hiyo ilikuwa 14 Julai.

Na hapa ndipo penye uhondo. Tarehe 7 Julai 1871 ilikuwa Ijumaa. Tarehe 14 ilikuwa Ijumaa. Tarehe 21 nayo Ijumaa. Kosa lilikuwa la wiki kamili, kwa hiyo halikuacha alama. Lingekuwa la siku tano au nane, asubuhi moja angeona watu wanakwenda msikitini, atazame shajara yake imeandikwa Jumatano, ashtuke. Kwa kosa la siku saba kila Ijumaa ilikuwa Ijumaa, na Stanley akaendelea kuandika kwa raha zake.

Shajara ya msafiri ni safu ya seli, na kila seli ina fomula moja tu: jana ongeza moja. Hakuna dola hata moja ndani yake. Ukikosea mstari mmoja, yote iliyo chini yake inakosea kwa kiasi kile kile, na hakuna hata seli moja itakayoonekana mbaya, kwa sababu kila moja inakubaliana na jirani yake. Nililifanyia majaribio jedwali langu. Niliongeza mstari wa kuzinduka: siku ya homa ongeza 14, ikaja 202. Kuondoka Kwihara: kuzinduka ongeza 61. Ujiji: kuondoka ongeza 51. Kisha nikabadilisha ile 14 ikawa 7. Mistari ya chini ikaruka yote kwa pamoja kama kundi la ndege. Kuondoka Kwihara kukawa 13 Septemba. Kufika Ujiji kukawa 3 Novemba. Siku toka Bagamoyo zikashuka hadi 227. Lakini siku toka Unyanyembe zikabaki 51, hazikutikisika, kwa sababu ncha zote mbili za hesabu hiyo ziko upande huu wa homa.

Kwa hiyo namba mbili ambazo Stanley aliziandika katika sentensi moja, na mimi nikazinakili katika sentensi moja, hazina uzito sawa. Ile ya 51 ni nzima. Ile ya 236 ina wiki ya uongo tumboni.

Hili si uzushi wangu wala si ugunduzi wangu. Stanley mwenyewe amelisimulia, na ndiyo maana tunajua. Aligundua baada ya kukutana na Livingstone, walipolinganisha siku zao na almanaki ya mabaharia, kile kitabu kinachoonyesha jua, mwezi na nyota vitakuwa wapi kila siku ya mwaka. Ukipima angani, ukatafuta kitabuni, unajua leo ni tarehe ngapi bila kumwuliza mtu na bila kutegemea jana. Hiyo ndiyo dola. Na ikaonekana kwamba Stanley alikuwa ametangulia kwa wiki moja, na Livingstone, aliyekaa miezi na miezi Manyema akiuguza vidonda vya miguu, alikuwa amepotea kwa wiki tatu. Wazungu wawili maarufu kuliko wote katika njia hii, kila mmoja na tarehe yake, na zote mbili si sahihi.

Sasa mtu atasema, ndugu mwandishi, enzi hizo huko bara hapakuwa na kalenda, mtu angejuaje? Hapo ndipo mimi nakataa. Kwihara ya 1871 ilikuwa na kalenda. Ilikuwa imejaa kalenda! Unyanyembe ilikuwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliokuwa wakiandikiana barua na Unguja, wakikopeshana, wakidaiana. Liwali wa Sultani, Said bin Salim, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Stanley. Watu hawa walisali Ijumaa, walifunga Ramadhani, na barua zao ziliandikwa tarehe ya Kiislamu. Na tarehe ya Kiislamu haiendi kwa "jana ongeza moja" milele. Inakwenda hivyo kwa siku 29 au 30 tu, kisha unatoka nje jioni unatazama magharibi. Kila mwezi inapigwa msumari upya.

Hata majina ya miezi kwa Waswahili yanasema hivyo hivyo. Baada ya Ramadhani kuna Mfungo Mosi, halafu Mfungo Pili, na kuendelea hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Majina yenyewe yanahesabiwa toka mahali fulani, sawa na Jumamosi inayohesabiwa toka Ijumaa, lakini ule mwanzo umefungwa mbinguni.

Nikapiga hesabu ya mwezi. Mwezi mpya ulizaliwa karibu na tarehe 17 Julai 1871. Maana yake Ijumaa ya 14 Julai, ile aliyozinduka kweli, ilikuwa mwishoni mwa Mfungo Saba, kama tarehe 25 hivi. Jioni yake hapakuwa na mwezi angani, ungeuona tu alfajiri, mwembamba, ukitokea mashariki. Ijumaa ya 21, ile aliyoiandika, ingekuwa karibu tarehe 3 ya Mfungo Nane, na jioni mwezi mchanga ungekuwa unaning'inia magharibi kila mtu anauona. Tofauti ya kuwapo mwezi na kutokuwapo! Mtoto anayechunga mbuzi Kwihara angemwambia. Stanley aliwauliza Shaw na Selim. Ilitosha kumwuliza mpishi. Na hii ni Unyamwezini jamani, jina ambalo wengi hulitafsiri kuwa nchi ya mwezi.

Sisemi hivyo kumcheka mgonjwa. Nasema kwa sababu tumezoea kusimuliwa kwamba hesabu ilikuja na wasafiri wa Ulaya na wenyeji walikuwa na "siku mbili tatu hivi". Ni kweli kwamba njia ya misafara ilikuwa na vipimo vingi vinavyomfuata mpimaji. Umbali ulikuwa kambi ngapi na maji yako wapi. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka mikono minne, doti mikono minane, na mkono wa nani ndilo lililokuwa chanzo cha ugomvi. Hata majina ya watu. Kwa Kinyamwezi sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Wasukuma ni watu wa kaskazini. Kaskazini mwa nani? Mwa aliyesimama Unyamwezini. Kwa mtu wa Bukoba, Wasukuma wako kusini na mashariki yake, lakini naye anawaita watu wa kaskazini bila kujua, kwa sababu jina lilinakiliwa kwenye ramani na yule aliyelitamka hakunakiliwa nalo. Hayo yote nayakubali. Ila katika suala la tarehe, pale Kwihara mwaka 1871, aliyekuwa akielea bila msumari ni mwenye shajara, na waliokuwa nao ni waliomzunguka.

Lililofuata mnalijua. Agosti Stanley akaingia vita vya Waarabu dhidi ya Mirambo, wakashindwa, sehemu ya Tabora ikachomwa moto, njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikafungwa. Ndipo akazunguka kusini. Siku 51, zile nzima.

Alifika lini? Kitabu chake kinasema Ijumaa 10 Novemba. Ukiitoa ile wiki ni Ijumaa 3 Novemba. Shajara ya Livingstone iliyochapishwa 1874 inaweka ujio wa mgeni kati ya 24 na 28 Oktoba. Wanahistoria wamelivuta jambo hili huku na huku, na vitabu vingi vimeamua kubaki na 10 Novemba kwa sababu ndiyo inayojulikana. Ni ile 29 Februari 1900 ya Excel kabisa: kosa linabakizwa ili majedwali yasigombane.

Hapa pia mwezi ungesaidia. Tarehe 28 Oktoba 1871 mwezi ulikuwa karibu kujaa. Tarehe 3 Novemba ulikuwa unachomoza usiku wa manane. Tarehe 10 Novemba ulikuwa umekwisha, giza tupu, na siku tatu nne baadaye ukaandama mwezi wa Ramadhani. Yaani mtu mmoja tu wa Ujiji, au mmoja wa wapagazi wa Kiunguja waliokuwa na Stanley, angeulizwa miaka ishirini baadaye "ilikuwa siku ngapi kabla ya kufunga?", mjadala ungekwisha. Waliishi. Mabruki, Chuma, Susi na wengine wengi waliishi miaka baada ya hapo, na baadhi yao walizungumza na Wazungu mara nyingi. Waliulizwa habari za Bwana Mkubwa. Tarehe hawakuulizwa.

Walipoachiwa hesabu peke yao, nao ikawa vilevile. Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Kaburi lake London limeandikwa 1 Mei. Mti ambao Jacob Wainwright, mmoja wa waliokuwa naye, aliuchonga maandishi pale alipozikwa moyo wake, uliandikwa 4 Mei. Siku tatu. Waliubeba mwili, wakafika Unyanyembe Oktoba ile, wakamkuta Luteni Cameron, naye akawashauri wauzike hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea na safari, na Februari 1874 wakaingia nao Bagamoyo. Safari nzima ile waliihesabu wao, na tarehe tunazozitumia leo tumezipata kwa waliowaandika.

Baadaye ikaja reli, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikahesabu kila kilomita toka Dar es Salaam. Bagamoyo haimo tena kwenye fomula, dola imehamishwa.

Marekebisho basi. Pale nilipoandika kwamba walikutana 10 Novemba 1871, someni: mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba 1871, na Stanley mwenyewe aliandika 10 Novemba. Siku ya 51 toka Tabora naiacha. Siku ya 236 toka Bagamoyo nimeifuta. Jedwali lenyewe nimeliongezea safu moja ya umri wa mwezi, na nimeanza kuijaza kwa Burton na Speke, waliofika Tabora Novemba 1857. Nikiwamaliza nitawaletea.